Shajara ya mradi: impela ya Hombolo na hesabu ya msinyao

Mwisho wa Mei

Impela ya pampu ya kumwagilia zabibu kule Hombolo, yaani gurudumu lenye mapanga linalosukuma maji, imekwisha. Mwili wa pampu, ambao ni chuma cha kusubu, bado mzima. Shafti haina tatizo, na injini ya dizeli inawaka vizuri. Kilichokufa ni impela peke yake: mapanga yamelika na mchanga wa bwawani, ukingo umechakaa, na maji hayafiki tena kwenye mistari ya juu ya mizabibu. Spea haipatikani. Pampu ni ya zamani, na maduka ya hapa Dodoma mjini yana impela za pampu za siku hizi tu. Kumwambia mzee mwenye shamba anunue pampu nzima kwa ajili ya kipande cha kilo tatu ni kumtwisha hasara isiyo yake.

Kazi tuliyojipangia ni hii: kupima impela ya zamani, kuichora upya kwenye FreeCAD, kuchapisha kielelezo cha plastiki kwa printa ya 3D, kukizika kwenye mchanga, kukitoa ili libaki tundu la umbo lake (kalibu), kumimina shaba humo, kisha kukereza. Kuchora na kuchapisha si shida. Ugumu uko kwenye jambo moja. Metali inaingia kwenye kalibu ikiwa maji, ikishapoa haina tena ukubwa wa kalibu, na kompyuta haijui hilo mpaka iambiwe. Kwa hiyo sehemu kubwa ya shajara hii itahusu hesabu hiyo.

Vipimo vya impela: kipenyo 180 mm, mapanga matano yaliyopinda kinyume na mzunguko, kitovu cha 50 mm, tundu la shafti 28 mm. Upande mmoja uko wazi, nalo ni jambo jema, maana kielelezo kinang'oka mchangani chenyewe. Impela iliyofunikwa pande zote mbili ingedai kiini cha mchanga, kipande kigumu kinachoshika nafasi ya uwazi, kwa kila njia ya maji kati ya mapanga. Ukingo umelika, hivyo kipenyo cha asili nimekipata kwa kupima ndani ya mwili wa pampu na kulinganisha na alama zilizobaki kwenye sahani ya nyuma.

Kipenyo si cha kuchezea. Mzunguko ukiwa uleule, kimo ambacho pampu inapandisha maji hufuata mraba wa kipenyo cha impela. Impela iliyosinyaa asilimia 1.5 bila kufidiwa inapoteza karibu asilimia 3 ya kimo, na shamba hili linapanda mlima kutoka bwawani. Mistari ya juu ndiyo itakayokosa maji.

Juni, siku za mwanzo

Nimekaa na fundi wa Kizota ambaye karakana yake tutaitumia, na mzee mmoja mstaafu wa karakana ya reli aliyekuja kumsalimia. Nikampa shikamoo, nikamweleza kazi. Mzee hakujibu kwa maneno mengi. Alirudi nyumbani kwake akaja na rula ya chuma ya inchi, akaiweka juu ya rula yangu ya kawaida. Ilikuwa ndefu zaidi.

"Mwanangu, hii ni futi ya mtengeneza vielelezo. Imeshajua chuma kitarudi nyuma kiasi gani."

Ndivyo walivyofanya kazi kabla ya kompyuta. Kila metali ilikuwa na rula yake, iliyorefushwa tangu kiwandani, na seremala wa vielelezo alipima kwayo bila kupiga hesabu yoyote. Rula ya chuma cha kusubu cha kijivu imeongezwa moja ya nane ya inchi kwa kila futi, yaani karibu asilimia 1. Ya alumini ni tano ya thelathini na mbili, sawa na asilimia 1.3. Ya shaba njano ni tatu ya kumi na sita, asilimia 1.56. Ya chuma cha pua ni robo inchi, zaidi kidogo ya asilimia 2. Namba hizohizo ndizo zinazozunguka leo kwenye majedwali ya wasubu, ila sasa tunaziandika kwenye programu.

Kuna jambo ambalo vijana wa karakana walikuwa wakilichanganya, na nadhani wengi wanaochapisha vielelezo nyumbani hulichanganya pia. Metali husinyaa kwa hatua tatu. Kwanza ikiwa bado maji, inapopoa kuelekea kuganda. Pili inapoganda, maji yakigeuka kuwa kitu kigumu. Tatu ikiwa imeshaganda lakini bado ina moto, mpaka ifikie joto la mkono. Hatua ya pili ni kubwa: alumini safi hupoteza kati ya asilimia 6 na 7 ya ujazo wake ikiganda. Mtu akisikia namba hiyo anataka kukuza modeli yake kwa asilimia 6, na hapo anaharibu kazi. Upungufu wa hatua mbili za mwanzo haufidiwi kwa kukuza kielelezo. Unafidiwa kwa metali ya ziada iliyo bado maji, inayokaa kwenye shimo la kulishia juu ya sehemu nene na kushuka taratibu kujaza pengo. Usipoweka shimo hilo, pengo linabaki ndani ya kitu chako kama tundu au bonde, hata kielelezo kiwe kikubwa namna gani. Rula ya mzee inahusu hatua ya tatu tu.

Hatua ya tatu unaweza kuikokotoa mwenyewe. Alumini hutanuka karibu sehemu 24 kwa milioni kwa kila digrii ya joto. Aloi ikimaliza kuganda kwenye digrii 577 hivi na kupoa hadi digrii 25, imeshuka digrii 550. Zidisha: sehemu 13,200 kwa milioni, yaani asilimia 1.3. Namba ya rula inatoka hapo. Na hapohapo unaona kwa nini haiwezi kuwa moja kwa kila alumini. Pistoni chakavu zina silikoni nyingi, asilimia 12 hivi na pengine zaidi, na silikoni hutanuka kidogo sana kwa joto, kwa hiyo aloi ya pistoni husinyaa pungufu ya alumini ya sufuria au ya waya wa umeme. Anayeyeyusha mchanganyiko wa vyote viwili anatumia namba ya kubahatisha.

Juni, faili

Nimepanga faili hivi, na sitabadilisha mpangilio huu kwa kazi nyingine yoyote.

Modeli ya msingi ni impela iliyokamilika, kama itakavyokaa ndani ya pampu. 180 ni 180. 28 ni 28. Hakuna msinyao ndani yake, hakuna akiba ya kukereza, hakuna mwinamo. Modeli hiyo haiguswi. Juu yake kuna jedwali lenye thamani chache zenye majina: akiba ya kukereza, msinyao wa metali, mwinamo wa kutolea kielelezo mchangani, na marekebisho ya printa. Kielelezo kinazaliwa kutoka kwenye modeli ya msingi kwa kupitia thamani hizo.

Kukuza faili kwenye programu ya kuchapishia ni haraka zaidi. Unaandika asilimia 101.5 na umemaliza. Lakini miezi sita baadaye hakuna anayekumbuka kama faili lililo kwenye kadi limeshakuzwa au la, na faili za STL, zile za umbo zinazopelekwa kuchapishwa, hazibebi hata kipimo: 180 ndani yake inaweza kuwa milimita, inaweza kuwa inchi. Kisha kukuza huko hukuza kila kitu, pamoja na tundu la shafti, ambalo lina hesabu yake. Kwa mtu anayesubu sanamu ya mapambo hilo halina neno. Kwa kitu kinachoingia ndani ya kitu kingine, hapana.

Mpangilio wa hesabu kwa kipenyo cha nje: 180, ongeza 2 mm za kukereza kila upande, inakuwa 184. Sasa kuza. Kama metali inasinyaa asilimia 1.5, hukuzi kwa 1.015. Unagawanya kwa 0.985, ambayo ni sawa na kuzidisha kwa 1.0152. Unapata 186.8. Tofauti ya njia hizi mbili kwa kipenyo hiki ni nne ya mia ya milimita, na mchanga wetu hauna usahihi wa namna hiyo. Nagawanya hivyohivyo, kwa sababu hesabu iliyo sahihi haina gharama zaidi ya ile isiyo sahihi.

Unene wa mapanga ni 5 mm. Msinyao wake ni chini ya moja ya kumi ya milimita, wakati msitari mmoja wa plastiki ya printa una upana wa 0.4 mm. Hapo sihangaiki. Msinyao ni suala la masafa marefu: kipenyo, umbali kati ya vitovu, urefu wa mkono wa mashine. Anayetumia siku nzima kufidia unene wa panga anaacha kazi iliyo muhimu.

Tundu la shafti nimelitoa kwenye hesabu kabisa. Litatengenezwa kwa kiini cha mchanga cha 22 mm, kisha likerezwe hadi 28. Hapa vijana walibishana vizuri. Mmoja alisema metali ikisinyaa tundu linatanuka, kwa kuwa ukuta unarudi nyuma. Sivyo. Mwili wote unapungua kwa uwiano mmoja, pamoja na nafasi iliyozungukwa, kwa hiyo tundu nalo linapungua. Kinacholizuia ni kiini: mchanga mgumu uliokaa katikati hauruhusu metali kulibana. Ndiyo maana tundu lenye kiini hupungua, lakini kwa kiasi kidogo kuliko kipimo cha nje.

Juni, katikati: vipande vya kupimia

Namba za majedwali ni pa kuanzia. Mchanga wetu si wa kiwandani. Ni wa korongo, umechekechwa, umechanganywa na udongo wa kichuguu uliotwangwa na maji kidogo, kiasi kwamba ukifumbata ngumi unashikamana na ukivunja unakatika safi bila kumeng'enyuka. Mchanga huu una ugumu wake, na ugumu wa mchanga huamua metali itaachwa isinyae kwa uhuru au itazuiwa. Kwa hiyo kabla ya impela tumemimina vipande vya kupimia.

Kipande cha kwanza ni ubao mnyoofu wa 200 mm, na juu yake nimechora vijipembe viwili vyenye ncha, umbali wa 150.0 mm toka ncha hadi ncha. Vijipembe hivyo ndivyo vilivyonifundisha zaidi kuliko kitu kingine chochote mwezi huu. Fundi anapotoa kielelezo mchangani hukigongagonga kwanza ili kiachie, na kugonga huko hutanua kalibu kidogo. Ukipima ubao ukingo kwa ukingo unapima vitu viwili kwa pamoja: msinyao uliopunguza na kugonga kulikoongeza. Alumini ya pistoni ilitoa ubao wa 197.9, kana kwamba imesinyaa asilimia 1 tu. Lakini kati ya ncha za vijipembe palikuwa na 148.2, yaani asilimia 1.2. Kugonga hutanua kila kijipembe pande zote sawasawa, kwa hiyo ncha yake haihami. Huo ndio msinyao wenyewe. Kilichobaki ukingoni, 0.3 mm, ni mkono wa fundi.

Sasa tuna namba mbili badala ya moja iliyochanganyika. Hilo lina maana kubwa, kwa kuwa msinyao unakua na urefu wa kitu, lakini kugonga hakukui. Ukichukua asilimia 1 ya ukingo na kuipeleka kwenye kitu cha nusu mita, unaweza kukosea hadi milimita nzima.

Kipande cha pili kina umbo la mfupa: katikati chembamba, ncha zote mbili zina vichwa vipana. Metali inapotaka kujivuta kuelekea katikati, vichwa vinaegemea mchanga na mchanga unakataa. Msinyao wake ulishuka chini ya asilimia 1. Aloi ni ileile, chungu kilekile, siku ileile. Cha tatu ni pete iliyozunguka kiini cha 80 mm. Tundu lilitoka na 79.4, sawa na robo tatu ya asilimia moja. Mabishano ya vijana yakaishia hapo.

Jambo moja zaidi la kupima. Kipande kikitoka mchangani watu hukimbilia kalipa wakati bado kina moto wa kuunguza vidole. Alumini ya 200 mm iliyo na joto la digrii 100 ina urefu wa zaidi ya theluthi moja ya milimita kuliko ikiwa baridi. Tunaviacha hadi kesho yake, kivulini. Meza ya bati iliyopigwa na jua la Dodoma saa saba mchana si mahali pa kupimia chochote.

Julai

Metali. Alumini ingekuwa rahisi, lakini maji ya Hombolo yana chumvi, shafti ni ya chuma, na alumini iliyoshikana na chuma ndani ya maji ya chumvi hulika haraka. Koki za zamani za shaba njano zinapatikana kwa wingi kwenye vyuma chakavu, na fundi alizipendelea. Nimezikataa kwa sababu mbili. Maji ya chumvi hutoa zinki ndani ya shaba njano kidogokidogo na kuacha shaba nyekundu yenye vitundu, isiyo na nguvu. Na zinki huchemka kwenye digrii 907, karibu palepale shaba njano inapoyeyukia, kwa hiyo ukiizidishia moto inafuka moshi mweupe ambao mtu akiuvuta, usiku wake anashikwa na homa na kutetemeka. Tumekubaliana kutumia shaba iliyochanganywa na bati, ile ya bushi za malori. Ukipiga tupa unaona rangi inaelekea wekundu. Ni ghali zaidi na inachukua muda kuikusanya.

Bushi zimeyeyushwa kidogo kwanza kwa ajili ya ubao wa vijipembe: 150.0 imekuwa 147.7. Asilimia 1.5. Thamani hiyo imeingia kwenye jedwali la faili, na jina la metali limeandikwa pembeni yake.

Kielelezo kimechapishwa kwa PLA, plastiki ya kawaida ya printa za 3D. Printa yetu ikiambiwa 100 inatoa 99.8, na hilo limewekwa kwenye mstari wake wa peke yake wa jedwali. Kuna ambao wangeliunganisha na msinyao wa shaba wapate namba moja ya jumla, lakini siku ukibadilisha printa au plastiki unakuwa umepoteza namba zote mbili. Kipenyo cha 186.8 kinakaa vizuri kwenye kitanda cha 220.

Tabaka za printa ni meno madogo yanayong'ang'ania mchanga, kwa hiyo kielelezo kimepigwa msasa, kikapakwa puti ya magari, msasa tena, kisha rangi ya kupuliza. Mapanga yana mwinamo wa digrii 2. PLA huanza kulainika kwenye digrii 60 hivi, joto ambalo gari lililofungwa vioo juani linaweza kulikaribia ndani yake, na sahani nyembamba ya plastiki ikishapinda hairudi. Tangu siku kilipomalizika kinasafiri kimefungwa kwenye kitenge ndani ya ndoo yenye mfuniko, na hakikai kwenye dashibodi.

Mwisho wa Julai: jaribio la alumini

Kabla ya kuhatarisha shaba tuliyoikusanya kwa shida, tumemimina impela ya alumini kwa kielelezo kilekile. Kielelezo kimekuzwa kwa ajili ya shaba, hivyo alumini itatoka kubwa kidogo, nusu milimita hivi kwenye kipenyo. Akiba ya kukereza inaimeza tofauti hiyo. Jaribio hili lilikuwa la kuangalia njia ya kumiminia, kitovu na sahani.

Kitovu ndicho kilichohitaji kuangaliwa. Ni kinene kuliko sahani, kwa hiyo kinaganda mwisho, na kikiganda kinavuta metali kutoka kwa wote waliokizunguka. Muda wa kuganda hufuata mraba wa uwiano kati ya ujazo na eneo la uso unaopoza, kanuni aliyoieleza Chvorinov mwaka 1940. Uzuri wa kufanya kazi kwenye kompyuta ni kwamba FreeCAD inakupa ujazo na eneo la uso kwa sekunde moja. Fundi wa zamani alikadiria kwa jicho. Shimo la kulishia linatakiwa kuwa na uwiano mkubwa kuliko wa kitovu kwa asilimia 20 hivi, ili libaki maji mpaka kitovu kimalize kunywa. Tulipolikata shimo hilo baada ya kupoa, bonde lilikuwa juu, ndani ya shimo, na kitovu chini yake kilikuwa kimejaa bila tundu. Ndivyo inavyotakiwa. Bonde halina budi kutokea mahali fulani. Kazi yetu ni kulichagulia mahali.

Sahani ilitoka imejikunja kidogo kuelekea kitovuni, unaiona ukiiweka juu ya kioo. Ukingo mwembamba ulishaganda na kupoa wakati kitovu bado kinasinyaa, kikauvuta. Hakuna asilimia ya kukuza inayotibu hilo. Tiba iko kwenye umbo: nimeongeza mviringo mpana pale kitovu kinapokutana na sahani, na sahani yenyewe nimeinenepesha kwa 1 mm upande wa nyuma, sehemu itakayokerezwa.

Vijipembe nilivyoweka kwenye sahani ya nyuma, 140 mm kwa impela iliyokamilika na hivyo 142.1 kwenye kielelezo, vilisoma 140.5. Upungufu wa asilimia 1.1 na kitu, chini kidogo ya ubao mnyoofu wa metali ileile. Mchanga uliobanwa kati ya mapanga unashika.

Baada ya Nane Nane

Wiki ya maonyesho fundi alikuwa Nzuguni, kazi ikasimama. Tumerudi, na tumemimina shaba.

Agosti hapa ni mwezi wa upepo mkavu. Uso wa kalibu iliyoachwa wazi unakauka kabla hujamaliza kufunika, na mchanga mkavu unachukuliwa na metali. Tumefunika kalibu kwa gunia bichi lisilogusa mchanga, na tumefanya kazi asubuhi mapema kabla upepo haujakolea. Kalibu imeshindiliwa na mtu yuleyule aliyeshindilia ile ya vipande vya kupimia. Nimesisitiza hilo, kwa sababu mkono mzito zaidi unatoa mchanga mgumu zaidi, na mchanga mgumu zaidi unabadilisha namba.

Bushi zilipashwa moto juu ya mdomo wa tanuru kwanza, kila moja. Tone la maji au mabaki ya grisi yakiingia chini ya metali iliyoyeyuka hugeuka mvuke papo hapo na kurusha metali juu ya watu. Chungu ni cha grafiti. Impela yenyewe ni karibu kilo 3, lakini ukihesabu shimo la kulishia na njia ya kumiminia unayeyusha karibu mara mbili yake, na aliyepanga bei kwa uzito wa impela tu atashangaa. Kumimina kwenyewe kulikuwa kwa muda mfupi na bila tukio.

Kesho yake, kivulini: vijipembe 140.1. Nilitaka 140.0. Kipenyo cha nje, ambacho kabla ya kukereza kilitakiwa kuwa 184, kilisoma 184.6 upande mmoja na 184.3 ukigeuza robo mzunguko. Upande wa 184.6 ndio fundi aliogonga zaidi. Alama ya nyundo kwenye kijiti cha kielelezo inaonyesha. Kwa hiyo msinyao wa impela hii, kwa shaba hii na mchanga huu, ni asilimia 1.4, na kilichobaki ni kugonga. Thamani ya 1.4 nimeiandika kwenye jedwali kama thamani ya umbo hili, bila kufuta ile ya 1.5 ya ubao. Zote mbili ni za kweli, kila moja mahali pake.

Mwisho wa Agosti

Impela imekerezwa: tundu, nyuso za kitovu, ukingo wa nje, vichwa vya mapanga. Ukingo ulisafika pande zote bila kuacha sehemu isiyoguswa na kisu, kwa hiyo akiba ya 2 mm ilitosha, na naona 1.5 ingetosha pia kwa ukubwa huu. Mfereji wa kabari ya shafti ulichongwa kwa mkono na tupa. Kisha impela ilivishwa kwenye fimbo nyoofu na kulazwa juu ya kingo mbili zilizosawazishwa. Upande mzito ulipojizungusha chini, fundi alipunguza kidogo mgongoni mwa sahani, mpaka ikawa inasimama popote unapoiacha.

Hombolo mzee mwenye shamba alitupokea kwa mbukwenyi, salamu ya Kigogo, na maji ya kunywa, akaikagua impela kimya, akaipima uzito mkononi. "Hii ya sasa nzito, wanangu." Ni nzito kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imelika. Ilivaa shafti bila kulazimishwa. Nafasi kati ya vichwa vya mapanga na mwili wa pampu ilirekebishwa kwa washa nyembamba. Maji yalifika mstari wa juu, na yeye mwenyewe alitembea mpaka huko kuyaona.

Kilichobaki kwenye mradi: kijana mmoja ataangalia impela baada ya msimu huu wa kumwagilia, apime ukingo na vichwa vya mapanga kwa kalipa, ili tujue shaba hii inalika kwa kasi gani kwenye maji haya. Mkulima jirani ana pampu ya aina nyingine na anataka impela ya chuma cha kusubu. Modeli ya msingi ya pampu yake nitaanza kuichora, lakini sehemu ya msinyao kwenye jedwali itabaki tupu. Chuma cha kijivu hutoa grafiti kinapoganda na grafiti hiyo hukitanua kidogo, kwa hiyo tabia yake ya kulishwa si ya shaba. Tanuru letu pia halijafika joto lake. Kwanza tanuru, kisha ubao wa vijipembe, ndipo namba iandikwe.